Mazuku: Kurasa za Shajara, Goma 2023

Jumatatu, 19 Juni

Nimeletewa karatasi mbili za Kiingereza nizigeuze Kiswahili. Ni matangazo ya usalama kwa watu waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru, wale waliojazana Bulengo, Lushagala na kando ya barabara ya Sake. Kijana wa shirika aliyezileta (shirika lenyewe silitaji, hata humu ndani ambamo hakuna asomaye) alisema, "Mwalimu, ni kazi kidogo, siku mbili inaisha." Malipo ni kidogo kweli, hapo kasema haki.

Ya kwanza inahusu kipindupindu. Hiyo nimeimaliza kabla ya kusonga bugali. Ya pili inahusu gesi, na ndiyo iliyoniweka mezani mpaka saa hizi, kwa taa ya simu, maana umeme umekwenda. Aya ya kwanza inawakataza watu kupiga hema mahali ambapo Kiingereza kinapaita "stagnant, low-lying areas". Nimeandika: "maeneo ya bondeni yenye hewa iliyotuama." Nikasoma kwa sauti. Kiswahili safi. Lakini Bulengo nani husema "kutuama"? Huko maji ya dimbwi ni "maji yenye inasimama", na hewa ya nyumba isiyo na dirisha ni nzito, basi.

Kuna jambo lililonikera zaidi. Nimepitisha kidole mstari kwa mstari, na neno mazuku, jina letu la gesi hii ya ardhini inayoua, halimo. Tangazo la mazuku, la Goma, bila mazuku.

Jumatano, 21 Juni

Mitihani ilipokwisha nilibaki shuleni na ile kamusi kubwa ya Kiingereza ambayo wanafunzi huitumia kuzuia mlango usijifunge.

"Stagnant" limetoka Kilatini, *stagnum*: dimbwi, maji yasiyo na njia ya kutokea. Waingereza walianza na maji, wakalipeleka neno kwenye hewa, kisha kwenye biashara isiyokwenda, mshahara usiopanda, hata mji ambao vijana wake wanangoja tu basi la kuondokea. Katika neno lao mahali pa namna hiyo panachosha. Panaweza kunuka. Hapaui.

Ajabu ni kwamba wanayo maneno mengine yanayoua. Wachimba makaa wa Uingereza waliita hewa mbaya ya mgodini "damp", neno lenye undugu na *Dampf* la Kijerumani, mvuke. Iliyokuwa inalala chini ya shimo, yenye kaboni dayoksaidi nyingi na oksijeni kidogo, waliiita "blackdamp". Wachimbaji walijua. Waandishi wa matangazo ya ofisini hawakuwauliza wachimbaji.

Waitalia nao. Wao ndio waliotupa "malaria", hewa mbaya, kwa sababu walidhani homa inapanda kutoka kwenye mabwawa. Ilibidi kungoja mpaka 1897, Ronald Ross alipomwona mdudu wa malaria ndani ya mbu huko India, ndipo hewa ikasamehewa. Jina likabaki. Nusu ya wanafunzi wangu wanaugua kitu kinachoitwa hewa mbaya, na wanajua ni mbu.

Wapo pia Warumi wa kale, waliokuwa na mungu mke wa gesi za ardhini, Mefitis. Bonde la Ansanto, kusini mwa Italia, ambako watu walimpelekea sadaka, mpaka leo linatoa gesi na mpaka leo linaua wanyama. Nimelipenda jambo hilo kuliko inavyofaa. Huku Kivu hatukujenga hekalu, ila wazee wa Rwanda na wa pande zetu walisema roho za wafu wasio na heri hukaa Nyiragongo. Kila mtu aliye jirani na ardhi inayopumua hutafuta wa kumlaumu.

Ijumaa, 23 Juni

Leo nimepita makusudi kwenye ile parseli tupu ya mtaa wa Himbi, iliyo kati ya nyumba ya ghorofa ya mfanyabiashara na ukuta wa mawe ya lava. Bei ya kiwanja Himbi inatisha, na ile parseli haijengwi. Imezama kidogo kuliko barabara. Kiangazi hiki, wakati majani ya kila mahali yamekauka na kujaa vumbi jeusi, mle ndani ni kijani kibichi. Hakuna mbuzi aliyefungwa humo.

Mlinzi wa jirani, muzee wa makamo ya marehemu baba, alinisalimu nikamuuliza kwa nini hapalimwi.

"Kuko mazuku pale, Mama Mwalimu. Asubuhi mapema mutoto asipite. Jua ikishapanda, na upepo ya ziwa ikianza, inapunguka."

"Inaenda wapi, Papa?"

"Inaachana tu. Usiku inarudi palepale."

Nimerudi nyumbani nikiyarudia maneno yake, na nayaandika kabla hayajapotea. Hakusema mazuku inavuma. Hakusema inapita. Alisema *kuko*. Tangu utotoni sijasikia mtu wa Goma akisema vingine: mazuku iko pale, kuna mazuku nyuma ya kanisa, usichimbe choo pale, kuna mazuku. Ni mahali, na kilichomo mahali.

Sasa kila maandishi ya kigeni ninayoyakuta yanalitafsiri "upepo mbaya", "upepo wa shetani", hata "pepo zinazosafiri usiku na kuua". Kuna makala ya Orlando Vaselli na wenzake, ya baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa 2002, ambayo katika kichwa chake neno letu limeongezwa s ya Kiingereza: mazukus. Wingi juu ya wingi! Lakini s si neno. Neno ni *upepo*. Kitu hiki upepo ndio dawa yake. Panapovuma hakipo. Kinakaa usiku uliotulia, alfajiri, kwenye shimo, nyuma ya ukuta, ndani ya msingi uliochimbwa ukaachwa. Kukiita upepo ni kukiita kwa jina la adui yake.

Nashuku njia iliyoleta upepo ni hii: pepo. Kwa Kiswahili pepo ni wingi wa upepo, na pepo ni yule anayempanda mtu kichwani. Mtu akianguka bila jeraha, bila damu, bila harufu yoyote hewani, jirani atasema nini? Ni pepo mbaya. Mgeni mwenye daftari akasikia pepo, akaandika upepo. Na sikio langu linasikia humo pia mzuka, na kuzuka, kutokea pasipotarajiwa. Shina linakubali, maana inakubali.

Halafu lipo jambo la sarufi ambalo wanafunzi wangu wangelala kabla sijalimaliza, kwa hiyo nalimaliza hapa. Hakuna anayesema "zuku moja". Ni mazuku, kama vile maji, mafuta, maziwa, matope, mate, mavi. Vitu vyenye kumiminika, visivyohesabika, vinavyotafuta chini. Sisi watu wa Kivu tunachanganya ngeli mpaka watu wa pwani wanashika kichwa (muzee wangu alisema "inaachana", hakusema "yanaachana"), lakini ma- ile hakuna aliyeiacha. Kaboni dayoksaidi ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Hutiririka mteremkoni na kujaa shimoni kama maji kwenye beseni, na ina uso wake wa juu: chini ya uso huo unakufa, juu yake unapumua. Aliyeipa gesi hii jina hakuwa na kipimo chochote mkononi, na aliipanga upande wa maji.

Jumapili, 25 Juni

Baada ya misa tulishuka ziwani. Nilinunua sambaza kwa mama mmoja wa bandarini, wabichi, wadogo, wakiwaka kama... hapana, wakiwaka, yatosha.

Sambaza si wa kwetu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakapandwa Kivu, kwa sababu sehemu pana ya ziwa ilikuwa haina samaki wa kuvuliwa kwa wingi. Wanakaa juu. Chini hakuna wa kuishi. Kina cha Kivu kinafika mita 485, na ukishuka kupita mita 60 hivi oksijeni imekwisha. Maji ya chini hayapandi, ya juu hayashuki. Yamepangana kwa uzito wa chumvi na gesi, na yako hivyo kwa karne na karne. Humo ndani zimeyeyuka kilometa za ujazo zipatazo 300 za kaboni dayoksaidi, na karibu 60 za methani.

Ng'ambo, Wanyarwanda wanaivuta methani ile na kuichoma wapate umeme: kituo cha KivuWatt karibu na Kibuye kilianza 2016, megawati 26 hivi. Sisi tunaitazama. Mwaka jana Kinshasa ilitangaza zabuni za gesi ya ziwa pamoja na za mafuta, na bado ninaandika kwa taa ya simu.

Watu wakitaja hatari ya ziwa hutaja Nyos, Kameruni: usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 ziwa lilitapika kaboni dayoksaidi, ikashuka mabondeni, watu wapatao 1,700 wakafa, wengi vitandani, na ng'ombe kwa maelfu. Nyos ni dogo mno mbele ya Kivu. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, hofu hiyo ilisaidia kuhamisha sehemu kubwa ya mji huu. Naielewa. Lakini Nyos ni habari ya siku moja, na redio zinapenda habari ya siku moja. Mazuku huua mtoto leo, mbuzi kesho, mchunga mbuzi mwezi ujao, na hakuna redio inayokuja.

Ijumaa, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Karatasi za mtihani mezani, sijagusa hata moja.

Nimesoma utafiti wa 2010 wa Benoît Smets na wenzake, akiwemo Mathieu Yalire wa hapa kwetu, Observatoire Volcanologique de Goma. Kichwa cha makala, katika jarida la Kiingereza la sayansi ya ardhi ya Afrika, kina neno mazuku, lipo wazi, bila s. Basi limekwisha kuwa neno la Kiingereza. Wataalamu wanalitumia kwa mashimo yetu makavu ya gesi.

Wanachosema, kwa ufupi wangu: gesi inatoka kilindini, inapanda kwa nyufa za ardhi, na inatokea katika mawe ya lava ya zamani upande wa kaskazini wa ziwa, kuanzia mitaa ya magharibi ya Goma mpaka Sake. Haitoki kwenye kinywa cha Nyiragongo, kama majirani wanavyodhani wakiona moshi. Kilele kiko mbali kaskazini. Hewa tunayovuta ina kaboni dayoksaidi asilimia 0.04. Ikifika asilimia 10 mtu anapoteza fahamu baada ya muda mfupi. Ikizidi sana, ni pumzi chache tu, na katika mazuku kali inazidi mno. Haina rangi wala harufu.

Kisha nikaenda mbali, kama kawaida yangu. Huko Uturuki kuna magofu ya Hierapolis, na pango ambalo watu wa kale waliliita mlango wa kuzimu. Mwanajiografia Strabo, miaka elfu mbili iliyopita, aliandika kwamba mafahali waliingizwa wakaanguka, na yeye mwenyewe akatupa shomoro ndani, wakafa papo hapo. Lakini makuhani waliingia wakatoka wazima. Muujiza. Mjerumani Hardy Pfanz na wenzake wakaenda na vipimo, wakatangaza matokeo 2018: gesi hujaa sakafuni usiku, alfajiri huwa kali kuliko wakati wowote, jua likipanda inatawanyika. Fahali ana pua chini. Kuhani amesimama.

Muzee wa Himbi angewaambia hayo bila nauli ya ndege. Sisemi hivyo kuwadharau. Kipimo kinaonyesha ni kiasi gani, na kiasi gani ndicho kinachowatisha wenye kutoa vibali. Ila saa ya hatari, na pua iliyo chini, viliwekwa kwenye maneno ya watu wa hapa kabla ya jarida lolote. "Asubuhi mapema mutoto asipite." Weka mtoto mahali pa fahali. Ni sentensi ileile.

Mfano mmoja zaidi, na nalala. Uwanda wa Dieng, Java, Februari 1979: kreta ya Sinila ikalipuka, gesi ikatoka, na wanakijiji waliokuwa wanakimbia mlipuko wakaikuta njiani mabondeni. Zaidi ya 140 walikufa. Walikuwa wanakimbia kitu kingine.

Jumanne, 4 Julai

Bulengo.

Motari alinitoa Himbi kwa pikipiki, tukapita Keshero, Mugunga, vumbi na malori, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba makaa mpaka mwenye nazo haonekani. Halafu turubai nyeupe zinaanza, na haziishi. Mahema yamepandwa juu ya lava. Hakuna udongo wa kushika kigingi, watu wanafunga kamba kwenye mawe. Ziwa liko chini, zuri kama picha ya kalenda, na upepo wake jioni unapenya mpaka mifupani. Hapo nimeelewa jambo ambalo karatasi ya Kiingereza haikuligusa kabisa.

Tangazo linawaambia watu wasikae mahali hewa haipiti. Lakini ndicho wanachotafuta! Mtu ametembea kutoka Kitshanga, huko Masisi, na watoto, hana blanketi, turubai yake imepasuka. Akifika, akaona kishimo kizuri katikati ya mawe, kimejikinga na baridi, kina majani laini ya kijani, na cha ajabu hakuna aliyekichukua, atafanya nini? Atamshukuru Mungu. Kila dalili ya mazuku inaonekana kwake kama baraka: patulivu, chini, kijani, tupu.

Niliviona vishimo vya namna hiyo kati ya mahema. Kwenye kimoja kulikuwa na kibao cha chuma, cha zamani, rangi imebanduka, maandishi ya Kifaransa yamebaki herufi chache na fuvu la kichwa chini yake. Niliwauliza watoto ni cha nini. Mmoja akasema ni makaburi ya wazungu. Mwingine akasema ni dawa ya panya.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa Sake, mzito wa mwili na wa sauti, muuza ndizi kabla ya vita. Sake wanajua mazuku tangu zamani. Yeye bila kutumwa na mtu amekuwa akizunguka kila jioni na kuwafukuza wageni mashimoni.

"Banasema mimi niko mubaya, eti ninalinda fasi ya ndugu zangu," aliniambia. "Ninawaambiaka: mimi sina ndugu mu shimo. Muache baridi ikulume. Baridi inaumaka tu."

"Wakikataa je, Mama?"

"Ninawaonyesha mijusi." Aliokota jiwe dogo akalitupa shimoni, si kwa kunionyesha kitu, kwa hasira tu. "Asubuhi unaikutaka imelala hapo chini. Na ndege. Hakuna mutu aliiuwa. Hapo banaelewa. Kisha kunakuya wengine wapya, unaanza tena."

Akanisimulia, na hili nimeliandika palepale kwenye kiganja cha mkono, habari za mtu anayeona mwenzake ameanguka. Anashuka kumtoa. Anainama. Anaanguka juu yake. Wa tatu anafuata. "Mapendo njo inaua ba pili," alisema. Karatasi ya Kiingereza haina mstari wowote wa wa pili.

Kijana mmoja mwenye redio mkononi akaingilia: kule kwao, upande wa Kitshanga, hawana mazuku, wana ukungu. Amesikia neno hili hapa, akadhani ni jina la wachawi wa Goma. Mama wa Sake akacheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka sana. Mtu akidhani ni uchawi, atatafuta mganga au atatafuta adui. Hatatafuta mahali pa juu.

Nilirudi jioni. Barabara ileile. Julai 1994 watu kutoka Rwanda, karibu milioni, waliingia upande huu kwa siku chache, na kambi ya Mugunga ikakaa juu ya lava hizihizi. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 na gavana kuamuru tarehe 27 sehemu kubwa ya mji ihame, maelfu kwa maelfu walitembea kwenda Sake na kulala kando ya njia. Waliambiwa wakimbie volkano. Wakapelekwa kulala kwenye mazuku. Kila vita na kila mlipuko unawamimina watu wasiojua neno juu ya ardhi inayolihitaji, na kila mara wanaanza sifuri, na mama mmoja wa ndizi.

Alhamisi, 13 Julai

Kikao na wenye tangazo. Chai ya maziwa, mandazi, na mabishano.

Walitaka "kaboni dayoksaidi" iwe juu, kwa herufi kubwa. Nikasema hapa hata aliyesoma alisoma "gaz carbonique". Asiyesoma hana lolote kati ya hayo mawili. Mkubwa wao, mgeni, mpole, akasema mazuku ni istilahi ya kienyeji na inaweza kuleta imani za kishirikina. Tangazo liwe la kisayansi. Nikafungua begi na kumpa makala ya 2010. Akasoma kichwa. Akasoma tena. "Oh," alisema. Neno ambalo halikufaa kwa sababu ni la watu wa mtaani likafaa kwa sababu limechapwa katika jarida. Nimelipokea hivyohivyo. Kura ni kura.

Tumeshindana pia juu ya "upepo mbaya". Walitaka maelezo hayo yawekwe chini ya kichwa, yamo katika kila kitabu chao. Nimekataa katakata. Ukimwambia mtu wa Kitshanga ni upepo, atafunga hema vizuri na kushuka shimoni ajifiche. Hapo tafsiri inaua.

Kijana wa Observatoire aliyealikwa alikuwa kimya muda mrefu, kisha akaleta shauri la maana kuliko yote ya kikao: tangazo liseme saa. Mji umezoea bendera za rangi za volkano, kijani, manjano, rangi ya chungwa, nyekundu, lakini mazuku haina siku ya kijani. Ina mchana na ina usiku. Tukaandika: kuanzia giza mpaka jua lipande.

Picha: wametoa fuvu. Badala yake mchoro wa mtu mzima amesimama na mtoto ameanguka ndani ya shimo lilelile. Nilidhani watakataa, ni mchoro mgumu kuutazama. Walikubali.

Jumamosi, 22 Julai

Nakala zimechapwa, zinagawiwa Jumatatu, na mama wa Sake amepewa fulana na kipaza sauti cha betri, kitu ambacho hakukihitaji. Nimeyabandika maneno hapa, kwa Kiswahili chetu, kama yalivyotoka:

*MAZUKU. Ni gesi inatoka mu udongo. Haina rangi, haina harufu, huwezi kuiona.*

*Inakaa chini: mu mashimo, mu mabonde madogo, nyuma ya ukuta, mu msingi wa nyumba, fasi upepo haifiki. Usipige hema mule, hata kama baridi ni kali, hata kama fasi ni nzuri na hakuna mutu.*

*Kuanzia giza mpaka jua ipande, ndio saa yake mbaya zaidi. Mutoto asishuke kuokota kuni, kuchota maji wala kufuata mbuzi. Wewe umesimama, unapumua. Yeye ni mufupi, anaanguka.*

*Ukiona mijusi, ndege ao panya zimekufa bila kidonda, panda juu mara moja.*

*Mutu akianguka mu shimo, usimufuate na usiiname. Piga kelele, ita watu, mumuvute kwa kamba ao kwa muti murefu mukiwa juu.*

*Ukihama hapa, mwambie mwenye anakuya kulala fasi yako.*